Avue Saa Kwanza

4 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Kiherehere sasa hivi tu amemkalisha mwanasesere wake kwenye kiti, akamziba mdomo kwa kiganja, akamwambia, "Usilie, watu watasikia." Halafu akanigeukia akacheka, kile kicheko chake cha kupandisha mabega. Na mimi nikacheka. Watoto wanaokota maneno jamani, hujui wanayaokota wapi.

Shikamoo kaka. Hali yako na kazi zako? Sisi huku wazima. Mama alikuja akakaa siku tatu, akarudi kwa mama mkubwa, magoti ndiyo yanamsumbua lakini mdomo haujambo. Simu yangu imeingia maji tena, ndiyo maana naandika. Ukijibu tumia sanduku la posta la msusi jirani yangu, nimeliandika nyuma ya bahasha, la kwetu ufunguo anao shemeji yako na huwa anasahau kuniletea barua. Cherehani yangu nayo imevunjika mkono tangu mwezi uliopita, ilianguka. Sare za watu zimelala kwenye kapu, lakini nitaipeleka kwa fundi, itapona tu.

Sasa kaka, nimeiona filamu yako! Pale kwa msusi, mchana, wanawake kumi na mmoja na vichwa vimesukwa nusu nusu. Jina lako lilipotokea nilipiga vigelegele mpaka mmoja akamwaga chai. Msusi akaniuliza, "Huyo ndiye kaka yako wa tumbo moja? Mbona wewe hujawahi kuvaa hata miwani myeusi?" Nimetembea na raha hiyo wiki nzima.

Ila usichukie nikikuambia kitu. Pale mume anapompiga mke jikoni, wenzangu walishika vichwa, mimi nikacheka. Msusi akasema, "Wewe una roho gani?" Nikamwambia hiyo si kweli. Yule mwanamke anapigwa kofi anaruka kama mpira, anapiga ukelele. Mtu hapigi ukelele, kaka. Na wa kwanza kumwangalia si huyo anayempiga. Anaangalia mtoto yuko wapi.

Shemeji yako anakusalimu. Anasema unachukua waigizaji wanyonge na yeye yupo na kifua chake. Akimaliza gari la mteja anajiangalia kwenye kioo cha pembeni, anasema kwa sauti nzito, "Nani ameniita?" Tunacheka sana.

Mdogo wako.


27 Februari

Mdogo wangu, mama Kiherehere,

Marahaba. Barua yako imenikuta juu ya paa la nyumba ya watu, namfundisha mtu mzima kuanguka. Nimeisomea hukohuko, kikosi kizima kinanisubiri chini na jua linawapiga. Huku mimi mzima, naishi kwa chai na sigara, na usimwambie mama hiyo ya pili. Mpe Kiherehere busu la shavuni. Mwambie shemeji kifua chake nimekiweka akiba.

Huku hawaniiti jina. Wananiita Tena, kwa sababu ndilo neno ninalosema kutwa. Tukio likiisha, wote wanapumua, mimi nasema, "Tena." Mmoja alianguka ngazi mara kumi na nane mpaka akaapa atanisukuma na mimi. Unakumbuka nilivyoanza? Kubeba betri kwenye harusi za watu. Siku ya kwanza kushika kamera nilimkata bwana harusi kichwa nusu saa nzima, baba wa bibi harusi akanifukuza na sahani mkononi. Nikaja kwenye matangazo ya sabuni, nikaja kwenye ngumi na visu, na hapo ndipo watu wakanijua. Magazeti yanasifu ninavyopiga picha za miguu. Wakati wa kipigo, wanasema, Tena anatuonyesha miguu tu na inatisha.

Hawajui kwa nini. Mdogo wangu, mimi nilikuwa na miaka minane, chini ya kitanda. Baba akimpiga mama, miguu ndiyo yote niliyoona.

Sasa natengeneza filamu ya nyumba yetu, ya baba na mama. Ni kazi yangu ya sita na nataka iwe ya kweli. Mama nimemuuliza, akasema, "Hayo yalikwisha, nipe maji." Wewe baba alikufa hujatambaa, lakini umelala kitanda kimoja na mama miaka kumi na mitano, najua amekusimulia. Ulichosema kuhusu mtoto kimenikaa kichwani. Niandikie mengine. Kila kitu, hata kidogo.

Kaka yako.


19 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Kiherehere, ambaye amejifunza kuhesabu mpaka saba na sita anairuka kila siku. Ukiona mwandiko umelala, ni kidole. Sindano ya cherehani imenichoma nikivuta kitambaa bila kuangalia, uzembe wangu mwenyewe. Nilichelewa kujibu sababu hiyo.

Umesema mama kanisimulia. Basi tufanye hivyo.

Kwanza, punguza matusi. Yule mume wa kwenye filamu yako anatukana dakika nzima kama anasoma hotuba. Anayepiga kweli hana maneno. Anaingia, anauliza kitu kidogo tu, chumvi iko wapi, na wewe unajua. Anafunga dirisha. Anaongeza redio. Halafu mwambie huyo mwigizaji wako avue saa kwanza. Usisahau hilo. Avue saa kwanza, aiweke juu ya meza taratibu, uso juu, maana ni saa nzuri hataki kioo kipasuke. Mwanamke akiiona saa pale mezani mwili wote unaingia baridi na hajaguswa bado.

Kofi halisikiki "paa" kama la kwenu. Linasikika ndani ya kichwa, kama umefungiwa mlango wa chuma. Sikio linalia siku mbili. Teke la ubavuni halina sauti kabisa, mdomo unafunguka na hakuna kinachotoka. Na nywele mnazivuta vibaya. Anazizungusha mkononi kwanza, mara mbili, kama mtu anayefunga kamba, ndipo anagonga kichwa ukutani. Anagonga mpaka achoke yeye. Ukuta unabaki na alama, asubuhi mwanamke anachukua chokaa anaupaka. Damu ya puani ni nyingi lakini haiumi sana. Inayouma ni ile ya kumeza, ili asichafue.

Na muda wote huo, kaka, jicho moja liko kwa mtoto.

Natumaini itakusaidia. Nafurahi sana kujua kwamba na mimi nina neno kwenye filamu.

Mdogo wako.


11 Aprili

Mdogo wangu wewe,

Marahaba, na heshima zote. Mama hajambo, nimeongea naye, analalamika kwamba humtembelei. Mtembelee.

Ungekuwepo jana! Nimewasomea waigizaji barua yako kwa sauti, neno kwa neno, ndivyo ninavyofanya kazi siku hizi. Watu wa taa walinyamaza, na watu wa taa hawanyamazi hata msibani. Anayecheza mama ni dada mmoja tunamwita Pilipili kwa sababu ya ulimi wake. Hapendi kitu huyu. Aliichukua barua akaisoma mwenyewe mara ya pili, akaniuliza, "Huyu aliyeandika ni mwandishi?" Nikasema ni mdogo wangu, aliishia darasa la saba, anashona sare. Akasema, "Hm." Kwa Pilipili hiyo ni sifa kubwa.

Tumepiga picha za mlango, dirisha, redio. Kipigo chenyewe ni mwezi ujao. Lakini mwisho sina. Akishapigwa anafanya nini, dakika ileile? Na yote yanaishaje? Niandikie upesi, mdogo wangu, naisubiri barua yako kama mgonjwa anavyosubiri daktari.

Kaka yako.


2 Mei

Kaka,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, niko kwa msusi.

Akishapigwa anaomba samahani. Mwanamke ndiye anayeomba, hata hajui ya nini. Anapitisha ulimi kwenye meno, moja moja, anahesabu. Anapiga magoti anafuta sakafu kabla haijakauka, ikikauka inakuwa kazi. Mwanamume anavaa saa yake, anasema ana njaa. Kesho yake analeta viatu vya mtoto, vizuri, vyekundu, na anamvalisha mwenyewe kwa upole mpaka unajiuliza kama uliota.

Mwisho siujui. Mama hakunisimulia mwisho.

Kiherehere alianguka, mkono umevunjika juu ya kiwiko, wamemfunga plasta. Hana homa. Amekuwa mkimya siku hizi, lile jina halimfai. Lakini plasta inatolewa mwezi wa saba, na watoto mifupa yao inaunga vizuri, kila mtu ananiambia.

Mdogo wako.


20 Mei

Mdogo wangu,

Leo sina salamu, utanisamehe.

Jana tulipiga lile tukio la jikoni. Mara ya kumi bado mwigizaji wa kiume anapiga kama anafukuza nzi. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia kaa pembeni uone. Nikaingia mwenyewe kwenye nafasi yake. Nikafunga dirisha. Nikaongeza redio. Nikavua saa yangu nikaiweka mezani, uso juu, kama ulivyoandika. Nikazungusha nywele za Pilipili mkononi, mara mbili. Kazi yetu ni mkono kupita karibu na shavu na kuishia hewani, sauti inawekwa baadaye. Mkono wangu haukuishia hewani. Mdomo wake ulipasuka, damu ikashuka mpaka kwenye kola. Na nitakuambia lililo baya zaidi. Kwa kitambo kifupi sana nilifurahi, kwa sababu ilikuwa kweli.

Hakulia. Hakunitukana, na Pilipili angeweza kunitukana mpaka leo. Alikuwa anaiangalia saa yangu pale mezani.

"Tena," akasema, "baba yenu alikuwa na saa?"

Nikamwambia hapana. Baba alikuwa mbeba mizigo. Kujua ni saa ngapi aliwauliza wapita njia. Hakuwahi kuvaa saa maisha yake yote.

"Basi hii ni saa ya nani?" akaniuliza. "Mambo haya hayakusimuliwa na mtu. Huyo dada yako sasa hivi yuko wapi?"

Nina binti kwenye kikosi, kazi yake ni moja tu, kuangalia kwamba vitu havibadiliki kati ya picha na picha. Kikombe kikiwa mkono wa kulia, kisije kikawa wa kushoto. Nilimpa barua zako. Hakuchukua hata dakika tano. "Hapa cherehani imevunjika mwezi wa kwanza," akasema. "Hapa sindano ya cherehani hiyohiyo imemchoma mwezi wa tatu. Na hapa mtoto mkono." Akanirudishia bila kuniangalia usoni. Mimi niliyewahi kumfukuza mtu kazi kwa sababu ya kikombe.

Nilikuomba uniandikie hata kidogo kidogo. Nilikuwa nazisoma barua zako kwa sauti, mdogo wangu, na watu wakinipigia makofi.

Nina wanaume sita hapa, kazi yao ni kupigana. Nakuja nao. Nitamvunja mumeo mikono yote miwili, halafu nitamwongezea redio asisikike. Niambie siku tu.

Kaka yako.


9 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo, na salamu ninakupa hata kama wewe hukunipa. Barua yako nimeisomea kwa msusi nyuma ya pazia, amenifichia zote ndani ya kopo la mafuta ya nywele.

Ndiyo. Ni yeye. Miaka minne. Nimeliandika, sasa limeandikwa.

Mkono wa Kiherehere ilikuwa hivi. Nilikuwa chini, akaja kunishika shingo, analia. Baba yake akamnyanyua kwa mkono mmoja akamtupa kitandani, kitanda akakikosa. Mfupa niliusikia. Tangu siku hiyo silali nikafumba macho yote.

Lakini usije na watu wako sita. Nisikilize. Mtampiga, mtamwacha chini, mtapanda gari. Halafu? Mimi ndiye nitakayebaki namfunga bandeji, na siku akisimama atanimaliza. Ameshasema nikitoka na mtoto atanikata miguu. Panga analo nyuma ya mlango wa gereji, siku moja aliniwekea hapa shingoni, akalilaza, anatabasamu. Nimejaribu kutoka mara mbili. Ya kwanza alinikuta kituoni akanirudisha kwa nywele, watu wanaangalia pembeni. Ya pili sikufika hata kona. Gereji iko mbele, nyumba nyuma yake, mlango ni mmoja. Hupiti na mtoto asikuone, na nikienda kwa msusi mtoto anabaki naye gerejini.

Sasa wewe kazi yako ni nini? Si kufanya watu waangalie pale unapotaka waangalie? Basi fanya kazi yako, kaka. Njoo na kamera na taa na makelele yote. Mwambie unatafuta fundi wa kweli, mwenye kifua. Atakuwa amevaa shati jipya kabla hujamaliza kusema. Umsimamishe mgongo wake uelekee mlango wa nyumba, zile taa zimpige machoni. Nitapita nyuma yake na mtoto, niingie kwenye gari la waigizaji, Pilipili awe ndani yake ili Kiherehere aone mwanamke. Si wanakuita Tena? Mrudishe. Mrudishe mpaka tufike mbali.

Iwe Jumamosi ya tarehe ishirini na nane, saa sita mchana, wateja wamejaa. Sitaki kutoroka gizani kama nimeiba. Na usimguse. Ukimgusa tu, ataacha kuiangalia kamera.

Mdogo wako.


6 Julai

Mdogo wangu,

Hujambo? Mtoto hajambo? Natumaini mama yake Pilipili anawatunza, yule mama anajua kulisha watu mpaka wakimbie. Usishangae mistari yangu inapanda na kushuka kama mlevi, wauguzi wananikataza kuandika, nawaambia ni mistari miwili tu. Mimi sijambo. Bandeji kidogo kichwani, inawasha.

Hukuona yaliyofuata, na ni haki yako kuyajua.

Alikuwa hodari. Inaniuma kusema, lakini alikuwa hodari kuliko wengi niliofanya nao kazi. Anatoka chini ya gari, anafuta mikono, anainua kichwa, "Nani ameniita?" Wateja wanapiga makofi. Ulipita nyuma yake na mtoto mgongoni katika mara ya pili, nilikuona, ulitembea kama mtu anayekwenda dukani. Sijawahi kuona mwigizaji akitembea vile. Mara ya tano nikamwambia ashushe bega. Mara ya nane gari lenu lilikuwa limeshakata kona zamani, ningeweza kumshukuru nikaondoka. Nikasema, "Tena." Nilitaka mvuke daraja.

Hapo akaniuliza, "Shemeji, mke wangu anaona lakini?" Akageuka kuangalia mlangoni. Mlango wazi, ndani kimya.

Akanirudia. Hakutukana. Alivua saa yake, akaiweka juu ya boneti la gari, uso juu. Ndipo nikaijua ile baridi uliyoniandikia, mdogo wangu.

Alichukua spana, ile kubwa ya magurudumu. Ya kwanza ilinipata usoni. Ya pili begani, nimeshaanguka. Zilizofuata sikuzihesabu, nilikuwa nasikia meno yangu yakigonga sementi, naona miguu yake tu. Miguu tena, baada ya miaka yote hiyo. Wateja ndio waliomwangusha, na watu wangu wa taa wakamfunga kwa nyaya zao. Mtu wa kamera hakuzima. Nilimfundisha mwenyewe kwamba hazimi mpaka nimwambie "kata", na mimi mdomo wa kusema "kata" sikuwa nao.

Sikumgusa. Neno lako nililishika.

Picha ipo polisi, inaonyesha kila kitu. Kwa hiyo mahakamani usije, picha inatosha. Kaa na mtoto, pumzika. Mwezi ujao narudi kazini.

Kaka yako.


11 Agosti

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandikia kwenye benchi la mahakamani, karatasi iko juu ya mkoba wa msusi, amefunga saluni yake amekuja kukaa na mimi. Kiherehere yuko na Pilipili, plasta imetoka, mkono umepinda kidogo lakini anaunyanyua. Jana kamuuliza mama yake Pilipili kwa nini anakoroma akiwa amekaa. Amerudi kusema, kaka. Anasema mpaka tunamwomba apumzike.

Pilipili amenieleza kuhusu jicho. Kwamba limekwisha, na leo ndiyo wanalitoa ili lisiharibu la pili. Wewe umeniandikia bandeji inawasha. Kweli sisi tumetoka tumbo moja. Nimelia siku nzima, halafu nikakasirika, halafu nikasema basi na mimi nitakuja mahakamani bila kukuuliza.

Maana picha haitoshi. Mwendesha mashtaka ni mama mmoja mwembamba, anaongea kama anakimbizwa, amenikalisha chini akanieleza. Picha inaanza mchana ule. Inaonyesha mwanamume amechezewa ujanja, amechukuliwa mke na mtoto, hasira zikampanda. Wakili wake ndivyo atakavyosema. Kama hakuna atakayesema ya miaka minne, atafungwa miezi michache, akitoka atadai mtoto, na anaweza kupewa. Nikamwambia barua zipo. Akasema barua za mwanzo zinaeleza mwanamke wa kwenye filamu, na ile niliyokiri ndiyo hiyohiyo niliyopangia ujanja, wakili ataishika hiyo aipeperushe. "Inabidi useme kwa mdomo wako, mwanangu," akasema, "yeye akiwa amekaa hapo anakuangalia."

Kuandika naweza, kaka, umeona. Kusema ndiyo sijawahi. Tangu asubuhi najaribu kwa kunong'ona, nimeuelekea ukuta, linafika kooni linakaa. Msusi anasema, "Ukishindwa mimi nitapiga kelele kwa niaba yako mpaka watufukuze wote wawili." Nimecheka.

Amepita sasa hivi na askari. Shati limenyooshwa, amenenepa. Akasimama hapa mbele yangu akasema kwa upole kabisa, "Mama Kiherehere, umependeza. Mwambie mtoto baba yake anamfuata karibuni." Askari akatabasamu, kadhani ni mapenzi. Mkojo umenitoka kidogo, nakuambia wewe tu. Msusi amenifunga kanga yake kiunoni isionekane.

Nimeamua nitaanza na siku ya cherehani, maana hapo najua tarehe. Alinipiga nayo mgongoni, halafu akaishindilia sakafuni mpaka mkono wa cherehani ukavunjika. Halafu kidole, alikikunja nyuma mpaka kikalia. Halafu panga. Halafu mtoto. Nitasema polepole. Sitamwangalia yeye, nitamwangalia yule mama mwembamba. Nikifika kwa mtoto sijui kama nitaweza, lakini nikinyamaza hapo ndiyo nimempa, kwa hiyo nitaweza.

Mlango umefunguliwa. Karani ametoka na karatasi, anasoma jina, ni la kwangu. Nimeitika "Nipo!" na sauti imetoka, kaka, kubwa, watu wote wa kwenye benchi wamegeuka, hata msusi kashtuka, karani ananiashiria nije, nakuja, nitakumalizia nikisha